Bata mzinga wa kilo saba, maji ya chumvi, na chombo sina

WifiWaBahati, Nakuru

Hamjambo wanajikoni. Nina shida ambayo mume wangu anasema nimejitakia.

Dume wangu wa bata mzinga anachinjwa tarehe 23. Nikimkadiria, akishanyonyolewa na kutolewa matumbo atabaki kilo saba hivi. Miaka yote tumekuwa tukimchemsha halafu tunamkaanga, na kila mwaka mapaja yanagombaniwa huku kidari kinabaki kwenye sinia, kikavu, watu wanakizunguka kama hawakioni. Mwaka huu wifi yangu amerudi kutoka Minnesota na ameng'ang'ania ndege alale usiku mzima kwenye maji ya chumvi kabla ya kuingia ovena. Anasema huko Marekani, kwenye sikukuu yao ya Novemba, wengi hufanya hivyo. Nimekubali. Kilichobaki ni chombo.

Nina sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia wageni. Nina ndoo ya lita 20 iliyokuwa na rangi ya ukuta, nimeisugua mpaka inang'aa. Nina beseni jekundu jipya, halijaona nguo. Halafu kuna nyungu ya mama mkwe, ambayo ukiitaja tu anafurahi. Wifi anasema kwao wananunua mifuko maalum ya kazi hiyo. Nimemwambia hapa tangu Agosti 2017 ukionekana na mfuko wa plastiki unatafutiwa wakili. Nimwingize wapi?

MzeeWaNjoro

Kwenye mafuta moto. Ugali upo. Kesi imekwisha.

MpishiKondele, Kisumu

Dada, hiyo sufuria ya alumini iache ipike pilau. Nakuambia kwa sababu somo hilo nimeshalilipia. Nilikuwa na kazi ya harusi, kuku arobaini, nikawalowesha usiku kwenye sufuria mbili za alumini na chumvi, ndimu na siki kidogo. Asubuhi nilipotoa kuku maji yalikuwa ya kijivu. Nikapitisha kidole chini ya sufuria, nikahisi vishimo vidogovidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kuku nao walikuwa na ladha ya sarafu, ile unayoikumbuka ulipokuwa mtoto ukitumwa dukani na shilingi umeiweka mdomoni. Niliwapiga tangawizi na pilipili nikaomba Mungu. Bibi harusi hakusema kitu, lakini mama yake aliniangalia.

Chumvi inakula alumini, na asidi ya ndimu inaisaidia. Kupikia mchuzi nusu saa si sawa na kulaza kitu usiku kucha. Karai la mabati ndilo usiliguse kabisa, lile limepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye asidi.

Sufuria ya stenlesi haina neno kwa usiku mmoja. Ya enameli pia, mradi haijabanduka popote. Lakini utapata wapi ya kumeza kilo saba mzima mzima, na miguu yake? Kwa hiyo utarudi kwenye ndoo ya plastiki, ila si hiyo yako.

WifiWaBahati, Nakuru

Jamani nimeiosha mara tatu! Na chini ina pembetatu yenye namba 2. Nilisoma mahali kwamba namba 2 ni salama.

FundiNdoo, Nakuru

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Namba ile inakuambia aina ya plastiki tu, ili anayetenganisha taka ajue aitupe rundo gani. Namba 2 ni HDPE, namba 5 ni PP, na ndoo nzuri za chakula nyingi hutengenezwa kwa hizo mbili. Ndoo za rangi ya ukuta pia ni hizohizo. Nimesimama kwenye mashine ya ndoo miaka minne, najua ninachosema. Tofauti iko kwenye vilivyochanganywa humo: rangi iliyotiwa, plastiki kuukuu iliyoyeyushwa upya, na kilainisho cha kuifanya ndoo ichomoke kwenye kalibu. Ya chakula huwa imechungwa katika hayo yote. Ya rangi, hakuna aliyejisumbua, nani ataila rangi?

Geuza ndoo utafute alama ya glasi na uma. Isipokuwepo, uliza swali moja: ndoo hii ilitoka kiwandani ikiwa na nini? Kama ni mafuta ya kupikia, majarini, asali au yoghati, hiyo ilitengenezwa kwa chakula. Kama ni rangi, sabuni au dawa ya shambani, hata uioshe kwa machozi, plastiki imeshanyonya, na maji yako yana usiku mzima wa kuvitoa humo. Nyeusi usichukue, mara nyingi ni plastiki iliyorudi kiwandani na hujui mara ya kwanza ilikuwa nini.

Beseni jekundu pengine halina ubaya wowote, lakini ni la kufulia, halikutengenezwa kwa chakula. Isitoshe ni fupi, mgongo wa ndege utabaki nje kama kiboko.

Na wale mnaochotea maji ya kunywa kwenye mitungi iliyokuja na dawa ya viazi, tutaonana kwenye uzi mwingine.

MwanaWaButere, Kakamega

Mbona nyungu mmeiruka? Sisi watu wa ingokho, yaani kuku, tumeweka maji kwenye nyungu tangu mababu, na hukaa baridi bila stima ya mtu.

MpishiKondele, Kisumu

Hukaa baridi kwa sababu nyungu inatoka jasho, yaani ina vitundu. Vitundu hivyohivyo vitanyonya chumvi na maji ya nyama mbichi, na hakuna sabuni itakayoingia humo ikatoka salama. Miezi sita baadaye unakunywa maji yenye historia. Mwachie mama mkwe nyungu yake.

MwanaWaButere, Kakamega

Nimeelewa. Sijafurahi, lakini nimeelewa.

WifiWaBahati, Nakuru

Narudi na habari. Jamaa wa bekari hapa mtaani amenipa ndoo nyeupe iliyokuwa na majarini, lita 20, ina kifuniko, na chini ina glasi na uma. Mashaka mawili. Kifuniko kinanuka majarini, hasa kwenye ule mpira wa pembeni. Pili, haiingii kwenye friji yangu hata nikitoa rafu zote. Wifi anasema tuiache verandani, usiku Nakuru ni baridi.

SwetaMbili, Molo

Ni kweli, Desemba huku kwetu unalala na soksi. Iweke nje.

NyarDunga, Kisumu

Soksi hazipimi nyama. Nyama mbichi inataka nyuzi 4 za selisiasi au chini yake, usiku wote, si alfajiri tu. Nakuru mwezi huu usiku ukijitahidi sana unashuka mpaka 10 hivi. Kumi kwako ni blanketi la pili, kwa bakteria ni siku nzuri ya kazi. Halafu kuna mbwa wa jirani, ambaye hajaulizwa maoni.

Mimi ni muuza samaki, barafu ndiyo inayonisomeshea watoto, kwa hiyo nisikilize. Kuanzia leo gandisha chupa za soda, zile kubwa, hata nane. Zioshe nje vizuri na uzitoe karatasi. Mbili zitaingia ndani ya ndoo pamoja na ndege, nyingine zitazunguka ndoo kwa nje. Usimwage barafu tupu kwenye maji ya chumvi. Ikiyeyuka imekuongezea maji, na chumvi uliyoipima imekuwa kitu kingine.

Ndoo ya lita 20 kuipatia boksi la baridi la kuitosha ni kazi. Je, hakuna mwenye duka karibu mwenye friza ya kulala? Izimeni usiku huo, ndoo iingie, chupa zizunguke, mfuniko ufungwe. Friza iliyozimwa ikiwa na barafu ndani ni boksi kubwa la baridi tu, na ndege hatagandia humo. Tafuta kipimajoto, cha bei rahisi kinatosha. Mkono usiuamini.

FundiNdoo, Nakuru

Kuhusu harufu: ule mpira uchomoe kwa ncha ya kijiko, uoshe peke yake. Mafuta hujificha chini yake, unaweza kuosha kifuniko wiki nzima usiyafikie. Maji moto na sabuni, mara mbili, kisha anika vyote juani. Asubuhi funga kifuniko kwa saa moja, fungua, nusa. Majarini kwa mbali haitamdhuru mtu. Ukisikia harufu ya kitu kingine chochote, mrudishie mwenyewe.

Angalia pia kuta za ndani. Kama kuna mikwaruzo ya kisu, tafuta nyingine, huwezi kusugua ndani ya mkwaruzo.

MpishiKondele, Kisumu

Kabla hujagusa chumvi, mwingize ndege kwenye ndoo, kidari chini, umimine maji baridi kwa jagi la lita moja huku unahesabu, mpaka yamfunike vidole viwili. Idadi hiyo ndiyo maji yako. Mtoe, pima chumvi: gramu 50 hadi 60 kwa kila lita. Koroga mpaka usisikie mchanga chini. Ukitaka kuchemsha viungo, chemsha pembeni na maji kidogo uliyoyatoa katika hesabu hiyohiyo, na yapoe kabisa kabla ya kuyarudisha. Maji ya vuguvugu juu ya nyama mbichi ni kuitafuta hospitali.

Saa 12 mpaka 18 zinamtosha. Usipite saa 24, atakuwa kama nyama ya kopo. Ukimtoa, maji yale mwaga, usiyatumie tena hata kwa kuku mdogo.

MwalimuBungoma

Mbona hamumpaki chumvi kavu tu? Kijiko cha chai kwa kila kilo, ndani na nje, sinia, friji, siku mbili. Hakuna ndoo, hakuna friza ya watu.

WifiWaBahati, Nakuru

Mwalimu, ndoo imeshaanikwa. Mwaka ujao.

WifiWaBahati, Nakuru, tarehe 27 Desemba

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Maji yalikuwa lita tisa, pakiti ya chumvi ya nusu kilo ikaingia yote. Nilitia vitunguu saumu na matawi ya rozimeri niliyoyakata kwenye ua wa jirani, na ruhusa niliomba baadaye. Chupa mbili za barafu zilimkandamiza ndege chini vizuri, sikuhitaji jiwe. Tulibeba ndoo mimi na wifi mpaka kwa mama wa duka, hatua kama sitini, tukipumzika mara tatu. Stima ikapotea saa tatu usiku, mtaa mzima unalalamika, sisi hatuna habari, friza ilikuwa imezimwa tangu magharibi. Asubuhi kipimajoto kilisoma 3.

Tulimkausha kwa taulo za karatasi, akaingia ovena mpaka kidari kikafika nyuzi 74 katikati. Kidari kiliisha kabla ya mapaja. Shemeji yangu, ambaye kila mwaka hukatia mbwa kipande chake chini ya meza, alinyoosha sahani mara ya tatu.

Kilichoharibika ni mchuzi. Nilichukua yale maji yaliyodondoka kwenye trei nikayafanya mchuzi kama kawaida, nikatia na chumvi. Haukunyweka. Hakuna hata mmoja wenu aliyenionya.

MpishiKondele, Kisumu

Hilo ni kosa langu, pole. Yaliyodondoka huwa tayari yana chumvi yake. Onja kwanza, na yazimue kwa supu isiyo na chumvi. Ndoo umeifanyaje?

WifiWaBahati, Nakuru

Sabuni na maji moto, kisha nikaisuuza kwa maji yenye Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kijiko kimoja cha kulia kwa lita nne, ikakauka yenyewe. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya mwaka ujao, lakini mama mkwe ameondoka nayo leo asubuhi. Anasema itakaa unga wa mahindi, panya hawataufikia.

FundiNdoo, Nakuru

Vizuri. Na mpira wa kifuniko alikumbuka kuuchukua?

WifiWaBahati, Nakuru

Ngoja.

Uko hapa dirishani, bado unaanikwa.