Sindano za kupunguza uzito kwa wenye sukari: hospitali za serikali ziwe nazo au watu wapunguze kula?

Mama Zai: Wakuu, Septemba 2025 WHO, Shirika la Afya Duniani, waliingiza semaglutide, mojawapo ya hizi sindano, na wenzake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya 2 ambao ni wanene na tayari wana ugonjwa wa moyo au figo. Mama yangu mkubwa yuko hapo hapo: kilo 104, sukari, na figo zimeanza kuchoka. Kila kliniki anaambiwa "punguza wanga", anapewa metformin, vidonge vya kushusha sukari, anarudi nyumbani. Mimi nasema hospitali za mikoa ziwe nazo. Mnaonaje?

Kinyozi wa Mbagala: Mlo haujashindwa, mdomo ndio umeshindwa. Mtu anapiga ugali wa sembe saa tatu usiku, asubuhi vitumbua na chai vijiko vinne vya sukari, halafu kodi yangu imnunulie sindano?

Mama Zai: Umemwona wapi mama yangu akila? Anakula dona, kiasi cha ngumi, na mchunga. Usimsemee mtu usiyemjua.

Shamba Kwetu: Dada, dona isikudanganye. Ina pumba na kiini, sawa, lakini bado ni mahindi. Baba alihamia dona akawa anakula mara mbili ya sembe kwa kuamini ni dawa. Mashine ya kupimia sukari ilikuwa inasoma 14, iko juu sana.

Bibi Chumbe: Dona imetulea sisi wote na hatukujua kisukari! Tatizo ni mafuta na soda.

Nesi wa Zamu: Jamani turudi kwenye swali. Kuna utafiti wa wenye kisukari tu, STEP 2. Wote walipewa ushauri wa mlo na mazoezi. Waliochoma semaglutide miligramu 2.4 kwa wiki walipungua karibu asilimia 10 kwa wiki 68. Waliochomwa isiyo na dawa, asilimia 3 na kitu. Kwa hiyo dawa inakwenda pamoja na mlo, haichukui nafasi yake.

Kinyozi wa Mbagala: Na ukiacha kuchoma uzito unarudi. Uingereza wenye kisukari walipewa supu na maziwa ya unga, kalori 800 na ushei kwa siku kwa miezi kadhaa, karibu nusu yao kisukari kikatulia bila dawa.

Nesi wa Zamu: Mwaka wa kwanza, ndiyo. Wa pili ikabaki kama theluthi. Na kaka, wale walikuwa na kisukari cha chini ya miaka 6 na hawachomi insulini. Mama mkubwa wa Mama Zai ana miaka mingapi nacho?

Shamba Kwetu: Nesi, nawe dona unaionaje?

Dereva Kibaha: Nyie mnabishania unga, watu wanaagiza sindano mtandaoni, zinaletwa na bodaboda juani. Haijafunguliwa inatakiwa friji, ikishafunguliwa isizidi nyuzi 30. WHO walionya Juni 2024 kuhusu Ozempic bandia, hiyo hiyo semaglutide kwa jina la dukani. Nesi, wewe unauza?

Nesi wa Zamu: Siuzi hata panadol. Nimempokea mgonjwa aliyejichoma huku anaendelea na glibenclamide, vidonge vya kushusha sukari, na hali chochote: jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, sukari imeshuka hadi 2.1. Ndiyo maana nataka sindano zitolewe hospitalini, na mtu anayeweza kumpunguzia dozi ya vile vidonge vingine.

Bibi Chumbe: Mwanangu, dona haijawahi kumtetemesha mtu.

Kinyozi wa Mbagala: Hela hiyo ishushe bei ya maharage na dagaa. Masikini anakula ugali mwingi kwa sababu mboga hana.

Mama Zai: Hapo umesema la maana, na mwanzoni ulimtukana mama. Lakini mwenye figo zilizochoka hata maharage na dagaa anapimiwa. Kliniki yetu siku ya kisukari haina mtu wa lishe. Nani anampimia?