Mrejesho: modela ya gitaa kwenye mikseri

Asanteni sana wakubwa. Niliuliza kwa nini gitaa la solo lilitoka kwa ukali wa nyuki kwenye spika za ukumbi hapa Goma. Chanzo: kwenye modela (kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya za gitaa), uigaji wa kabineti, yaani wa sauti ya boksi la spika ya gitaa, ulikuwa umezimwa. Modela ikiingia moja kwa moja kwenye mikseri, lazima uwashwe. Ikipitia amplifaya ya gitaa yenye spika yake, uzimwe. Nimekata pia masafa ya sauti yaliyo chini ya 90 Hz na juu ya 6 kHz.

Mvumo wa umeme uliosikika spikani nao ulitulia kwa kebo ya XLR (ya pini tatu) na swichi ya kutenganisha ardhi kwenye modela (waya wa ardhi wa umeme usiguswe kamwe!). Toni za sebene (sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu katika muziki wa Kongo) zipangwe kwa ukubwa wa sauti ya jukwaani. Ukizipanga kwa sauti ndogo kwenye hedifoni, utaongeza besi na ukali bila kujua, na ukumbini vyote vitazidi.