Java: assert haishtuki hata nikipitisha thamani mbovu

Mwanzisha uzi
Wakuu, klasi ya malipo ina `assert kiasi >= 0;` (sharti linalorusha kosa likivunjika) lakini nikipitisha -5 programu inaendelea tu. Nimeendesha `java -jar malipo.jar -ea` (`-ea` ni swichi ya kuwasha assert), hali ni ile ile. Cha ajabu, kwenye majaribio ya Maven (zana ya kujenga miradi ya Java) assert hiyohiyo inagoma vizuri. Nirekebishe wapi?

fundi_kodi
Mkuu, `-ea` umeiweka nyuma. Kila kinachofuata jina la jar kinaingia kwenye `args` za programu yako, JVM (mashine inayoendesha programu za Java) haikisomi. Andika `java -ea -jar malipo.jar`, huna haja ya kukompaili upya. Assert huwa zimezimwa usipoziwasha, tangu zilipoingia kwenye Java 1.4. Surefire, programu-jalizi ya Maven inayoendesha majaribio, huziwasha yenyewe, ndiyo maana majaribio yaligoma.

nukta_tatu
Usiwashe zote kama hutaki. `-ea:app.malipo...` inachukua kifurushi hicho na vyote vilivyo chini yake. Ukisahau zile nukta tatu, JVM inaichukulia `app.malipo` kuwa jina la klasi, haiipati, na inakaa kimya. Huo ukimya unapoteza watu muda sana. Kuacha klasi moja nje: `-ea -da:app.malipo.Ripoti` (`-da` inazima). Klasi za Java yenyewe haziguswi na `-ea`. Hizo zina `-esa`.

Mwanzisha uzi
Asante, jar imekubali. Kwenye seva je? Skripti ya kuanzishia siruhusiwi kuihariri.

fundi_kodi
Java 9 kwenda juu: `export JDK_JAVA_OPTIONS="-ea"` kabla ya skripti kuita `java`. Hakiki hivi:

```
boolean imewashwa = false;
assert imewashwa = true;
System.out.println(imewashwa);
```

Alama moja ya `=` hapo ni ya makusudi: assert zikiwa zimewashwa inaweka `true`, nayo ndiyo itakayochapishwa.

mzee_wa_logi
Ila kuweka kazi ndani ya assert namna hiyo kuna mtego. Pekua kodi yako kama kuna kitu kama `assert foleni.remove(agizo);`. Assert zikizimwa, mstari wote haufanyiki na agizo linabaki kwenye foleni. Toa `remove` nje, weka jibu kwenye kigeugeu, ndipo ukikague.

Halafu hiyo -5, kama inatoka kwa mtumiaji, si kazi ya assert. Tumia `if` na urushe `IllegalArgumentException`, ambayo hakuna swichi ya kuizima. Na kumbuka `catch (Exception e)` haidaki `AssertionError`, kwa sababu hiyo iko upande wa `Error`.