Vidonge vya Shangazi

Dulla: Shangazi shikamoo. Nimekupatia vitamini E na C, zile za nguvu. Wanasema zinapunguza makali ya kemo, hizo dawa zako za saratani. Nakuletea jioni.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Vidonda vya mdomo ndio vinanitesa.

Rehema: Shikamoo shangazi, pole sana. Dulla, tafadhali usimpe kwanza.

Dulla: Kwa nini da Rehema? Si antioksidanti hizo? Zinazuia saratani.

Rehema: Ndivyo tulivyoaminishwa. Ila baadhi ya dawa za kemo, na mionzi pia, huua seli za saratani kwa kuzizidishia chembe kali za oksijeni mpaka DNA yake iharibike. Antioksidanti kazi yake ni kuzima chembe hizohizo.

Mjomba Salim: Ina maana tutakuwa tunamlinda adui?

Rehema: Inawezekana mjomba. Na adui mwenyewe tayari ana ngao. Saratani sugu mara nyingi hutengeneza kwa wingi glutathioni, antioksidanti ya mwili wenyewe. Sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, ikiingia kwenye seli, glutathioni inaing'ang'ania, halafu pampu za kwenye utando zinaitupa nje. Inayofika kwenye DNA inapungua. Kuna protini inaitwa NRF2, ndiyo inayowasha jeni za kinga hiyo. Kwa kawaida protini nyingine, KEAP1, huidhibiti, lakini kwenye baadhi ya saratani za mapafu KEAP1 imeharibika, basi NRF2 inafanya kazi bila breki. Dawa inagonga mwamba hapo.

Dulla: Lakini hizi ni vitamini tu dada!

Rehema: Ufini walijaribu beta karotini, antioksidanti nyingine, kwa wavutaji sigara, utafiti wa wanaume zaidi ya 29,000. Majibu yakatoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa 18%. Hao hawakuwa wagonjwa walipoanza. Kwa aliye kwenye kemo ushahidi haujakamilika, ndiyo maana madaktari wengi wanashauri kuacha vidonge hivyo mpaka matibabu yaishe. Mimi naogopa kweli kumjaribia shangazi yetu.

Shangazi Mwanaidi: Na matunda niache?

Rehema: Hapana, kula! Shida ni vidonge vya dozi kubwa. Kuna kingine unatumia?

Shangazi Mwanaidi: Jirani kaniletea unga wa majani, upo kwenye kopo. Nimeanza juzi.

Rehema: Usiendelee nao kwanza. Nipigie picha ya kopo, upande wenye maandishi madogo, tumwonyeshe daktari kabla ya dripu ijayo. Na vidonda mwambie nesi leo, usivumilie.

Dulla: Basi vitamini nazirudisha dukani. Jioni nakuja hivyohivyo shangazi, nitakupigia hiyo picha.