Nataka kupunguza matiti kwa upasuaji, naomba ushauri kabla sijaamua

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja, naishi Dar. Matiti yangu ni makubwa tangu nikiwa sekondari. Mikanda ya sidiria imenichimba mabegani mpaka imeacha mifereji miwili myeusi, na joto la Februari likija, chini ya titi panachubuka hadi panatoa maji. Mgongo ndio usiseme.

Daktari mmoja alinichorea kwenye karatasi: chuchu inapandishwa juu, kovu linaizunguka kisha linashuka hadi chini, mfano wa nanga. Akasema kunyonyesha baadaye kunaweza kuwa kugumu. Hapo ndipo nilipokwama, maana mtoto wa pili namtaka sana.

Kliniki nyingine walikimbilia bei na tarehe, hawakuuliza presha wala dawa ninazotumia. Hao nimewaacha.

Dada zangu mliofanyiwa, ganzi ya chuchu baada ya upasuaji iliisha? Kuna aliyenyonyesha? Mlifanyiwa vipimo vya matiti kwanza, kabla ya upasuaji? Usajili wa daktari nitauangalia Baraza la Madaktari Tanganyika, ila uzoefu wake kwenye upasuaji huu niuulizeje bila kumkwaza?