Tupeane uzoefu: mhusika kiziwi kwenye riwaya za vijana

Mhariri wa Njiro: Wakuu, kila muswada wa vijana wenye kiziwi, lazima asome midomo ya jambazi kutoka ng'ambo ya barabara. Simama mbele ya kioo utamke bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kilekile. K na g ndiyo kabisa, hazionekani. Anayesoma midomo anakisia kwa kufuata mada. Mada ikigeuka ghafla, anapotea.

Pasua Moshi: Nakazia. Tena usiku! Umeme ukikatika, mazungumzo ya alama yamesimama hadi mtu awashe tochi ya simu, amulike mikono na uso wa anayeongea.

Fundi Shimesikio: Mimi kinachoniuma ni shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti. Mwandishi anamvalisha binti asubuhi, mchana anasikia hadi minong'ono. Jamani! Betri namba 13 ina kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukikibandua hewa inaingia, betri imeanza kuisha hata kifaa kikizimwa. Wiki moja au mbili, imekwisha. Halafu kile kipande cha sikioni huchongwa kwa umbo la sikio lake. Mtoto akikua kinalegea, sauti inavuja na kurudi kwenye maikrofoni, kinapiga mluzi. Darasa zima linageuka, na pengine mwenyewe hausikii. Hapo ndipo penye sura nzima ya riwaya, na hakuna anayeiandika. Mpandishe Hiace ya kwenda Kilombero: kifaa kinakuza injini, muziki na konda kwa pamoja, jina la kituo linazama humo.

Mwl. Majengo: Maneno ya lugha ya alama yaandikwe kwa mlazo, yaani herufi za kulala, neno kwa neno: MIMI SOKO KWENDA. Msomaji aone ni lugha nyingine.

Mhariri wa Njiro: Hapana, mwalimu. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, nyusi na uso vikiwemo. Bibi wa Kibosho akiongea Kichaga, unamwandikia Kiswahili kilichovunjika? Fasiri kwa Kiswahili kizuri.

Mwl. Majengo: Msomaji atasahau kwamba ni alama.

Pasua Moshi: Mpe ndoo ya maji aongee kwa mkono mmoja. Hatasahau.

Mwl. Majengo: Ndoo sawa. Mlazo siuachi.

Dada wa Sakina: Mnagombania mlazo, sura ya mwisho mmeiacha? Bandeji zinafunguliwa, binti wa miaka 16 anamsikia mama yake, anajibu kwa sentensi kamili. Nimechoka! Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu, vile vinavyowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, 2017. Riwaya ya 2009 inampasua hapohapo. Kifaa hakiwashwi siku ya upasuaji, husubiri wiki kadhaa kidonda kipone. Kikiwashwa, wengi husikia kwanza milio tu, na mazoezi ni ya miezi na miaka. Aliyezaliwa hasikii akakulia kwenye alama, hapati matokeo ya mtoto aliyepandikizwa akiwa na miaka 2. Na kwa nini lazima apone ndipo hadithi iishe vizuri?

Fundi Shimesikio: Dada umemaliza.

Mhariri wa Njiro: Na "bubu" lifutwe, mwandikeni kiziwi. Wenyewe chama chao ni Chama cha Viziwi.

Pasua Moshi: La kumwita: kukanyaga sakafu kunasaidia kwenye mbao, kwenye saruji hakufiki. Mguse bega, au zima taa uwashe.