Naomba ushauri: nitajuaje mwanafunzi anashiriki kweli na habofyi tu?

Habari zenu wakuu. Nafundisha lugha ya pili kwa tableti, na programu yetu inahesabu dakika na mibofyo tu. Juzi mmoja kapata dakika 40, kumbe alikuwa anabahatisha majibu mpaka yakubali. Mwenzake wa dakika 12 alikuwa ananong'ona sentensi, anafuta, anaandika upya. Hapo nani kashiriki?

Watafiti wa elimu, Fredricks na wenzake (2004), waligawa ushiriki sehemu tatu: vitendo, hisia na fikra. Vitendo naviona. Hisia nauliza kwa dodoso fupi, ingawa wengine hujibu kumfurahisha mwalimu. Fikra ndiyo inanishinda. Nimejaribu kuhesabu mara wanazojisahihisha, ila darasa zima peke yangu siwezi. Je, kurekodi sauti za kundi mojamoja kunatosha?